Mtoto Asiyekataa

Wanu alikuwa amevaa gauni la skuli mbele nyuma, tena kwa mara ya pili asubuhi ile, na mama yake hakugomba. Kugomba kulikwisha zamani, kama mafuta ya taa yanavyokwisha kidogo kidogo. Tabia alimvua, akaligeuza gauni, akamvika.

“Vifungo vinakaa wapi?”

“Nyuma,” alisema Wanu, akijigusa tumbo.

Jana alivaa mwenyewe, vifungo vyote vikakaa pahala pake. Hicho ndicho kilichokuwa kikiwakoroga watu. Angekuwa hawezi moja kwa moja, wangemwonea huruma na kumwacha. Lakini Wanu leo aliweza, kesho hakuweza, keshokutwa akaweza tena, na kila mtu mzima aliyekutana naye alitoka na hukumu ile ile, kwamba mtoto huyu akitaka anaweza. Alikuwa na miaka minane, na asiyemjua angempa mitano. Macho yake yalikuwa madogo, na mdomo wa juu ulikuwa mwembamba kama mtu aliupiga mstari kwa kalamu. Kati ya pua na mdomo, pale ambapo watu wote wana kijifereji, yeye palikuwa laini tu.

Sauti ya jirani yake, Bi Mwanakheir, ilivuka ua wa makuti. “Tabia we! Mchele umekuja! Watu washapanga mawe toka alfajiri, wewe ungali unavisha mtoto?”

Ulikuwa mwaka wa sabini na mbili, na mchele ulikuwa haujaonekana Ng’ambo kwa muda mrefu kiasi cha watoto kuusahau. Tabia alitoka mbio na kipande cha jiwe lake la kusagia, lililovunjika mwaka juzi, akalipanga nyuma ya mawe ya wenzake mbele ya duka la serikali, upande wa Mlandege. Mawe yalikuwa na heshima yake. Jiwe la mtu halisogezwi, hata mwenyewe awe kaenda kuoga. Lakini dirisha likishafunguliwa, kila jiwe lilitakiwa liwe na mtu wake, na asiye na mtu jiwe lake hutupwa pembeni.

Basi alikuwa na saa moja hivi, na ndani ya saa hiyo ilimpasa afike skuli, kwa sababu Mwalimu Mkadam alikuwa amemwita. Njiani aliwaza jambo moja tu. Katibu wa tawi, Bwana Shamsi, alikwishamwambia mbele za watu, mwezi uliopita, Wanu alipofungulia mbuzi wa watu kwa kuwa mvulana mmoja alimwambia afungue: “Nikisikia tena habari ya mtoto huyu, au nikimwona anarandaranda saa za masomo, nitaleta gari limchukue limpeleke hospitali ya wazimu. Taifa linajengwa, hatuna nafasi ya mchezo.” Skuli ndiyo iliyokuwa kinga yake. Maadamu Wanu alikuwa na dawati, gari lisingekuja.

Mwalimu Mkadam hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kachoka, darasa limemfurika, na chaki alikuwa akizikata vipande vidogo ili zimfikishe mwisho wa wiki.

“Shikamoo, mwalimu,” alisema Tabia, ingawa walikuwa karibu rika moja.

“Marahaba. Bi Tabia, mimi nshachoka na mtoto wako. Juzi kaandika jina lake zima ubaoni, wenzake wakampigia makofi. Jana nampa chaki ile ile, ananikodolea macho. Ananichezea huyu.”

“Hakuchezei, mwalimu.”

“Basi ana nini?”

Swali lile Tabia alikuwa akiulizwa toka Wanu hajaota meno, na hapakuwa na neno la kulijibu. Mganga alisema ana pepo, akafukizwa ubani mpaka akakohoa siku mbili. Jirani alisema ni jicho. Kila mwenye la kusema alisema.

“Daktari kasemaje?” aliuliza mwalimu.

“Kasema atakua.”

“Basi akishakua mlete.” Alisema bila ukali, huku akiifuta mikono yake unga wa chaki. “Nna watoto wanaotaka kusoma wanakaa chini, Bi Tabia. Dawati lake nshampa mwengine.”

Tabia alimshukuru. Hakujua alikuwa akimshukuru kwa nini, lakini ndivyo alivyozoea kutoka katika ofisi za watu. Akamshika Wanu mkono wakarudi, na kifuani alijitafuta uchungu asiupate. Palikuwa pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Alikuwa na mawazo yake mwenyewe juu ya kile alichokuwa nacho Wanu. Hakuwahi kumwambia mtu. Zamani, kabla ya kazi ya kuchambua karafuu, alikuwa akipika pombe ya mtama uani, kama mama yake, na kama bibi yake aliyetoka nayo bara. Na wateja wa pombe wana desturi yao: mwenye chungu ndiye anayeonja kwanza, mbele yao, kibuyu kizima, ili wajue hamna sumu. Wakija kundi jengine, anaonja tena. Jioni moja huonja mara chungu nzima, na hapo hakuna anayemwita mlevi, ni kazi tu. Alionja alipokuwa hana mimba na alionja alipokuwa nayo. Mwaka ule wa mapinduzi watu walikunywa sana, wengine kwa furaha, wengine kwa hofu, na yeye akaonja sana. Hakuna aliyemkataza. Wazee wa kwao walimhimiza, walisema pombe inatia damu, inaleta maziwa. Jaku, mume wake, kuli wa bandarini, ndiye aliyekuwa akimjazia kibuyu.

Wanu alizaliwa mdogo wa kukaa kwenye sinia. Jaku alimtazama, akasubiri anenepe, hakunenepa, akarudi bara kutafuta kazi na bara ikammeza. Miaka ikapita, na siku moja Tabia alimwona mtoto wa mpika pombe mwenzake wa Miembeni, akauona mdomo ule ule, macho yale yale. Alirudi nyumbani akavunja vyungu vyake vyote. Hakumuuliza mtu, kwa sababu hapakuwa na wa kumuuliza, na hakuna ofisi Unguja nzima iliyokuwa na mlango wa jambo kama hilo. Akaliweka moyoni kama mtu anavyoweka darini kitu kisichouzika.

Walipofika dukani dirisha lilikuwa linafunguliwa. Tabia alilipata jiwe lake, na mbele yake hapakuwa na watu wengi. Mchele aliuona kwa macho yake, magunia yameegemea ukuta. Lakini msimamizi wa ghala la karafuu hakuwa na habari kwamba atachelewa, na mtu akichelewa bila ruhusa, msimamizi yule humpa mwengine jamvi lake la kuchambulia. Malindi, kwenye ghala, si mbali. Alihesabu kwamba akikimbia atarudi zamu yake haijafika. Bi Mwanakheir alikuwa kule mbele kabisa, hasikii kwa kelele.

“Wanu, nisikilize. Simama juu ya jiwe hili.”

Wanu alipanda.

“Usishuke. Mtu akikwambia ushuke, mwambie mamangu kasema nisishuke. Nimesemaje?”

“Nisishuke.”

“Hebu tena.”

“Mamangu kasema nisishuke.”

Alilisema vizuri, kwa kidevu juu. Siku hiyo, kwa jambo hilo, kichwa chake kilikuwa kimefunguka, na Tabia akaondoka mbio na kanga zake mkononi.

Msimamizi alimweka mlangoni akimalizia chai yake, kisha akampa ruhusa kwa kumpungia mkono, kama mtu anayefukuza nzi. Aliporudi Mlandege, hakumwona Wanu. Aliangalia pale alipomwacha, pana mwanamme mnene na kikapu. Akafuata mstari kwa macho, mtu baada ya mtu, mpaka mwisho kabisa, karibu na mtaro. Wanu alikuwa huko, kasimama juu ya jiwe, mikono kaibana ubavuni kama askari.

“Sikushuka, mama!”

Mwanamke aliyekuwa karibu aliinamisha uso. “Watu wakimwambia, mwanangu nipishe, nna mgonjwa nyumbani. Basi yeye analiinua jiwe lake, anarudi nalo nyuma, analipanda tena. Kila anayemwomba. Mimi mwenyewe...” Hakumaliza.

Jiwe la mtu halisogezwi, lakini mtoto huyu alilisogeza mwenyewe. Tabia alilielewa hilo pale pale. Alimwangalia mwanawe, gauni limeingia vumbi, vidole vimechubuka kwa kubeba jiwe, na uso umejaa furaha ya mtu aliyetii. “Vizuri,” alimwambia. “Hukushuka.”

Huko mbele muuza duka alipiga ubao wa dirisha. Mchele umekwisha. Watu wakapiga kelele, waliokuwa na mapakacha wakayatikisa hewani, na katika kelele hizo akatokea Bwana Shamsi, shati jeupe, peni mfukoni. Alinong’onezana na muuza duka, kisha akapaza sauti kwamba kumepotea kiroba cha sukari, na hatoki mtu.

Hakuna aliyeshangaa. Kila aliyeamka alfajiri mtaani pale alikuwa amepata kuliona gari la mkono likitoka mlango wa nyuma wa duka, na alijua linaelekea kwa nani. Lakini lililojulikana na wote halikuwa la kusemwa na mtu mmoja.

“Huyu mtoto,” alisema muuza duka, akinyoosha kidole, “alikuwa akizungukazunguka hapa na jiwe asubuhi yote.”

Bwana Shamsi alikuja, akainama. Sauti yake ilikuwa laini. “Mwanangu, ni wewe uliyechukua sukari?”

Wanu alimtazama mama yake, akamtazama yule bwana aliyemwita mwanangu. “Ndiye mimi.”

“Ukaipeleka wapi?”

“Kule.”

“Kule wapi? Nyumbani kwenu?”

“Nyumbani kwetu,” alisema Wanu, akifurahi kusaidiwa.

“Mmesikia,” alisema Shamsi, akijinyoosha. “Kakiri mwenyewe, sikumpiga, sikumlazimisha. Tabia, nilikwambia nini? Saa za masomo mtoto yuko mitaani, tena anaiba. Gari litakuja leo hii.”

Tabia alingoja hofu imjie. Haikuja. Kilichokuja kilikuwa kitu kikavu, kama mtu anayefagia ua wake asubuhi.

“Bwana Shamsi, niruhusu na mimi nimuulize.”

“Muulize.”

“Wanu. Minazi ile iliyoanguka Kiwengwa kwa upepo, nani aliyeiangusha?”

Wanu hakuwahi kufika Kiwengwa. “Ndiye mimi.”

“Uliiangusha kwa nini?”

“Kwa panga.”

Watu walicheka. Hata muuza duka alicheka.

“Na mvua iliyokataa kunyesha mwaka jana?”

“Mimi.”

Vicheko vikazidi, na Shamsi akaanza kusema basi, basi, lakini Tabia alikuwa hajamaliza, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

“Na mchele uliokwisha Unguja nzima, Wanu, nani kaumaliza?”

“Mimi, mama.”

Kicheko kilikatika. Mtu mmoja alikohoa. Wachache walianza kuvuta mapakacha yao kando, taratibu, kama watu waliokumbuka shughuli nyumbani.

“Uliumaliza na nani?”

Tabia hakuwa na nia yoyote katika swali lile. Lilitoka kwa kuwa lilifuatia. Wanu alitafuta jibu kama alivyokuwa akilitafuta siku zote, katika uso wa mtu mzima aliye karibu. Akanyoosha kidole kilichochubuka.

“Na huyu bwana.”

Nzi walisikika kwenye magunia matupu. Bwana Shamsi alitazama watu, na watu wakatazama chini, wote, kwa pamoja, na katika kutazama chini kule palikuwa na maneno mengi kuliko aliyopata kuyasikia katika mikutano yake yote.

“Mtoto hana akili huyu,” alisema mwisho. “Anasema chochote.”

“Ndivyo nnavyosema na mimi,” alijibu Tabia. “Anasema chochote. Kama hili la huyu bwana si kweli, na la sukari si kweli. Nikukabidhi, au nimchukue?”

Shamsi alitoa leso akajifuta shingo. Ilikuwa mapema mno kwa jasho. “Mchukue,” alisema. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo Tabia peke yake aliisikia: “Ila duka hili, wewe na yeye, nisiwaone tena. Na kule kwenye karafuu nitafika mwenyewe.”

Alijua kwamba atafika. Msimamizi alikuwa mtu wake. Kesho au keshokutwa jamvi lake lingekuwa na mwanamke mwengine, na skuli ilikwisha, na mchele ulikwisha. Alichokipata siku nzima kilikuwa mtoto huyu mmoja, ambaye alitoka naye nyumbani asubuhi.

Bi Mwanakheir, mchele wake kaubana kwapani, aliwapita bila salamu. Hatua chache mbele alisimama, akageuka, akawatazama, kisha akashika njia yake. Tabia hakumlaumu. Mtu ana watoto wake.

Walitembea kuelekea Darajani, Wanu mkono mmoja kwa mama yake. Kisha akamvuta kanga.

“Mama, nimejibu vizuri?”

Tabia alisimama katikati ya njia. Mwenye baiskeli alimpigia kengele, hakusogea. Aliutazama uso ule mdogo uliokuwa ukimsubiri, mdomo mwembamba umeachama, na kwa mara ya kwanza siku ile uchungu alioutafuta asubuhi ukamfika.

“Umejibu vizuri,” alisema.

Kisha wakaenda kutafuta muhogo, kabla na huo haujakwisha.