Waliozaliwa Njiani

"Hata mmoja?" Mutua aliuliza, kalamu imesimama juu ya fomu. "Miaka mitatu, mama, hakuna hata mmoja aliyejifungulia njiani?"

Mwanabibi Kombe, karani wa wodi ya wazazi, alipeleka mikono kichwani. Akakaza ushungi wake, na ushungi wenyewe ulikuwa umekaa sawasawa tangu asubuhi.

"Daftari ndivyo lisemavyo," akasema.

"Basi hongereni!"

Mutua alikuwa mtu wa ofisi ya afya ya mkoa. Mwaka huo wa themanini na nane alikuwa ametumwa kutathmini hali ya afya katika vituo vitatu nje ya kisiwa: watu wanaugua nini, wanatoka wapi, wanafikaje. Tathmini hiyo ndiyo ingegawa wakunga, vitanda, na gari jipya la wagonjwa. Gari lenyewe moja, na vituo vyote vitatu vililitaka.

"Hapa Likoni mko sawa," alisema. "Akina mama wote wanafika wodini kwa wakati. Hiyo gari naona iende Changamwe."

Sista Nduku, msimamizi wa kituo, alicheka hadi magego yakaonekana. Sifa tamu jamani, tumwache. Akatoka kwenda kumwagizia mgeni chai.

Mwanabibi akabaki na mgeni na daftari lake. Loo, Mwanabibi! Aliyataka mwenyewe hayo, na aliyataka kwa wema. Mtoto akizaliwa nje ya kituo, karatasi yake ya kuzaliwa hutolewa na naibu wa chifu, na naibu wa chifu hutaka shahidi, na shahidi hutakiwa kitambulisho, na njoo kesho, na njoo Jumatatu. Mzazi mbichi, mtoto hana hata wiki, anapigwa jua barazani pa watu! Wa kwanza kumwomba alikuwa mwanamke wa mtaa wa Shika Adabu aliyezaa juu ya mkokoteni. "Niandike hapa hapa, dadangu. Kwani sikufika?" Na kweli alifika, kitovu kilikatiwa wodini. Wallahi Mwanabibi hakuiona dhambi iko wapi. Akaandika: kituoni. Wanawake wakaambizana. Tangu siku hiyo safu ya mahali pa kuzaliwa ikawa neno moja juu hadi chini, safi kama ua uliofagiliwa.

Akinyamaza, miaka minne tu imesalia astaafu kwa heshima. Akinyamaza, gari linakwenda Changamwe.

Mutua alikwisha kuanza kuandika.

"Usiandike, mwanangu," Mwanabibi alisema. "Humo mna uongo. Nimeuandika mimi."

Kijana akacheka kidogo, kisha akamtazama usoni, kicheko kikamkauka. "Ni wangapi?"

"Fungua mwanzo."

Akaweka kidole kwenye jina la kwanza. Huyu, mkokoteni, mteremko wa Shika Adabu. Huyu, kwenye foleni ya feri, akijaribu kuvuka aende hospitali kubwa. Huyu alikuwa mpishi wa hoteli ya Shelly Beach, alizalia nyuma ya jiko, wenzake wamemzungushia vitambaa vya meza. Mutua alianza kwa kutia alama za penseli pembeni. Baadaye akachukua ramani, akawa anatia nukta. Alipofika nukta ya thelathini na kitu, barabara ya kusini ilikuwa imejaa.

Kwenye jina la Mwikali kidole cha Mwanabibi kilisita.

"Huyu kwangu amehesabiwa amefia wodini," Mutua alisema. "Kutoka damu. Nimeandika wakunga wapewe mafunzo."

"Wakunga wana kosa gani? Alizaa kando ya barabara, akakaa saa mbili nzima watu wakimtafutia gari. Huyo alifia njiani, mwanangu. Hapa alifika kumalizia pumzi tu."

Mutua akachukua ile fomu aliyoijaza, akaipasua.

Sista Nduku alirudi na chai akawakuta hivyo. Alipoelezwa aliliweka sinia mezani kwa kishindo. "Mwanabibi! Unajua unaweza kufutwa kazi? Na mimi nitaulizwa nilikuwa wapi!"

"Najua, Sista. Naogopa, wallahi."

"Itabidi niseme ni nani aliyeandika," Mutua alisema polepole.

"Sema. Jina langu unalo."

Jumla wakapata arubaini na mmoja.

Wiki tatu zikapita. Gari halikuja, wala barua ya kumfuta Mwanabibi haikuja, na kila pikipiki ya tarishi ilipoingia uwanjani aliinuka kuchungulia dirishani. Asubuhi moja msichana alisimama dirishani, leso imemlowa, mtoto kifuani. Alikuwa ametoka kuzalia kibarazani pa duka la Ngumbao, nusu maili kutoka hapo.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa wewe huandika hapa hapa."

"Marahaba." Mwanabibi akashika kalamu. Mahali pa kuzaliwa: njiani. Akamsomea, asije akajua baadaye kwa wengine.

Msichana akaanza kulia. "Wenzangu wote umewaandikia. Mimi nimekukosea nini?"

Kumweleza habari za ramani na nukta, mtu aliyezaa alfajiri hiyo? Mwanabibi aliinuka akavaa buibui, akafunga dirisha, akazunguka akatokea mlangoni.

"Nenda ukalale kitandani, mwanangu, uoshwe, upewe uji. Kwa naibu wa chifu nakwenda mimi. Shahidi wako ni mimi, na kitambulisho ninacho. Akisema nije kesho, nitakaa pale pale hadi hiyo kesho ifike."

Akashuka ngazi. Nyuma yake foleni ya dirishani ilikwisha kuanza kunung'unika, mtu mmoja akigonga ubao kwa funguo na kuuliza huyu karani anakwenda wapi saa za kazi.