Shaba Kwenye Debe la Mchele

Jamani, hii hutaiamini. Hata mimi nisingeiamini kama isingekuwa imo kwenye simu yangu, kwa sauti ya babu mwenyewe.

Sisi tunaishi stesheni. Sitanii! Babu alikuwa stesheni masta wa hii njia ndogo ya reli, na ilipofungwa, mimi sijazaliwa, wakamwachia nyumba. Ninapolala mimi ndipo palipokuwa pa kukatia tiketi. Mbao ya dirishani imelika kwa viwiko vya abiria, na ukutani kuna duara jeupe, saa ilikuwa hapo. Reli zenyewe bado zipo nje, majani yamezimeza.

Juzi nikamwambia, "Babu, simulia, nakurekodi."

"Usinirushe huko mtandaoni nikaonekana kibogoyo," akasema. Kisha akatoa chini ya mto kidude cha shaba, mviringo, kizito, kinaenea kiganjani.

Akanielewesha. Njia ilikuwa moja, treni mbili zikiingia zinagongana uso kwa uso. Kwa hiyo shaba ilikuwa moja tu. Dereva asiye nayo haondoki. Stesheni masta anampa ndani ya mfuko wa ngozi, naye akifika mwisho wa njia anaikabidhi.

"Sasa mbona iko hapa?"

Akaigeuzageuza kiganjani.

"Treni ya mwisho nilimpa dereva mfuko, ndani nimetia kufuli bovu badala ya shaba," akasema. "Bila shaba hakuna gari la kuja kung'oa reli. Nikasema wataifuata, tutaongea, stesheni itafunguliwa." Akajifuta macho. "Hawakuja, mjukuu wangu."

Basi jana wamekuja!

Pikipiki hiyo, mpaka jukwaani. Kashuka mtu mzima, ovaroli ina grisi mpaka magotini. "Shikamoo, mzee. Mimi ndiye dereva wa gari la kung'oa reli."

"Marahaba," babu akajibu, huku ananikonyeza. Nikaichomoa shaba chini ya mto wake, mbio mpaka jikoni, nikaifukia kwenye debe la mchele.

Narudi, namsikia dereva: "Bosi anasema niingie tu, njia ilishakufa. Mimi siingii bila shaba. Unayo?"

"Sina. Nilimpa dereva wa mwisho."

"Huyo dereva ni baba yangu." Hakupandisha sauti hata kidogo, na hicho ndicho kilichonitisha. "Walimfukuza kazi, wakasema kaipoteza. Mpaka anakufa alikuwa anasema: mfuko niliupokea, sikuufungua, kwa nini nimkague stesheni masta?"

Babu akakaa kwenye benchi. Nakuapia, hakuwa anajua. Kisha akanigeukia.

"Mjukuu wangu, kalete."

Nikasimama mbele ya lile debe, mkono umezama kwenye mchele mpaka kiwiko. Shaba naigusa. Ningeweza kurudi nikasema, babu, kalete nini? Dereva angeondoka. Reli zingebaki. Babu angeendelea kila asubuhi kufagia jukwaa lisilo na abiria, akiisubiri treni yake.

Nikaitoa.

Babu hakuipokea mpaka avae kofia yake ya kazi, ile iliyoliwa na nondo. Akamsimamisha dereva ukingoni mwa jukwaa, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Baba yako hakupoteza kitu. Mimi ndiye niliyemwekea kufuli mfukoni. Nitakuja ofisini kwenu niyaseme haya mbele ya bosi wako."

Dereva akaipangusa punje za mchele, akaitia mfukoni, akafunga kifungo. "Gari la kesho saa mbili," akasema. "Utapanda mbele na mimi." Hakusema amesamehe. Akawasha pikipiki.

Sasa hivi naandika, babu yuko pale mbele na kofia yake, gari linakwenda polepole, na nyuma yao reli zinang'oka moja moja. Stesheni yetu inakwisha hivi hivi naiona.

Haya, niambie wewe. Mkono umo kwenye mchele, shaba umeishika, na babu anakusubiri nje. Ungeitoa?