Jedwali la Kumi na Saba

Ubao wangu ulishika moto upande wenye wino. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nimesimama mlangoni mwa jiko la shule yetu, nje kidogo ya Balambala, nikitazama jedwali la kuzidisha la kumi na saba likiungua chini ya sufuria ya githeri.

"Mwalimu Salah ndiye amesema," mpishi alijitetea. "Tableti zimekuja. Kabati ya kuziweka inataka nafasi."

Nafasi! Ubao ule alinichongea marehemu baba. Mwalimu wetu Sirad alikuwa ameuchukua mtindo wa dugsi, tunakosomea Kurani, akautia kwenye hesabu: unaandika kwa wino wa makaa, unasoma kwa sauti, na huoshi ubao mpaka mwalimu akusikilize umefumba macho. Mimi nilikuwa bado sijasikilizwa.

Sikatai, tableti zilikuwa tamu. Tulizifurahia wiki tatu. Kisha vumbi likaziingia, chaji ikaisha, na Salah, mwalimu mkuu, akazifungia kabatini.

Siku wageni walipokuja kutoka Garissa kukagua, haikuwaka hata moja. Salah alilowa jasho. Mwalimu Sirad, ambaye kazi yake ilikuwa ya kibarua tu, akaniinamia.

"Leyla, wallahi wewe unaliweza. Wasomee la kumi na saba."

Nililijua lote. Lakini nikamwona Salah akinichekea, yule yule aliyechoma ubao wa baba yangu. Nikafunga mdomo. Nilitaka aaibike, basi.

Wapi! Wageni waliandika kwamba darasa lile halijafundishwa kitu, na kabla mwezi haujaisha Mwalimu Sirad akaambiwa asirudi. Nilimkuta akifunga virago.

"Kwani ulikuwa hulijui?"

"Nalijua, mwalimu."

"Si ungenisomea mimi?" Akabeba mkoba wake, akaenda zake.

Leo nafundisha katika chumba kile kile. Tableti zinawaka, alhamdulillahi, na mbao zimeegemea ukuta wa nyuma. Hapa mtoto haoshi wala hafuti kitu kabla hajasikilizwa. Salah amestaafu, tukikutana sokoni namsalimu, na damu bado inanichemka. Lakini watoto wakifika jedwali la kumi na saba, namwomba mwenzangu, Mwalimu Billow, awasikilize yeye. Mimi natoka nje.