Mchoro Usio na Mshale

Paneli ilipasuka kwenye mashine ya majaribio kabla haijabeba hata nusu ya mzigo. Ilikuwa sakafu ya daraja la waenda kwa miguu, tabaka ishirini za kitambaa cha nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi. Nyuzi hizo zina nguvu upande mmoja tu, ule zinaoelekea. Ukizigeuza, mzigo unabebwa na gundi, na gundi peke yake ni maneno matupu.

Mhandisi aliyeichora alichungulia ufa, akaona nyuzi zimelala kimapana. Lawama hazipandi ngazi, zinashuka. Fundi aliyetandika vitambaa alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu wa maneno mengi na mkono usiotetemeka.

Mhandisi akafungua mchoro wake. Tabaka zote zimeandikwa pembe ya nyuzi, digrii sifuri, safi kabisa. Ila hakuchora mshale wa kuonyesha sifuri inaelekea wapi. Kwake yeye, sifuri ilikuwa urefu wa daraja. Kwa fundi, tangu aanze kazi, sifuri ni urefu wa jora, na jora lilitandazwa kimapana ili kitambaa kisipotee bure. Kikulacho ki nguoni mwako. Kosa lilikuwa lake mwenyewe.

Meneja aliwaita wote wawili. "Nani kakosea?"

"Mimi, bosi," fundi akadakia. "Nilisoma mchoro vibaya. Macho yameanza uzee."

Macho yale, akiwa mlangoni, yaliweza kuona uzi mmoja uliokatika. Mhandisi akaelewa kwamba anakingwa kwa kuwa ni mke wa kaka. Alisikia aibu, na chini ya aibu, Mungu amsamehe, alisikia nafuu. Akinyamaza, fundi atafukuzwa, na mchoro utabaki safi. Utapelekwa karakana nyingine, isiyo na mashine ya majaribio, vitambaa vitandikwe vilevile, na watu wapite juu yake.

"Mchoro ndio mbovu," akasema. "Ni wangu. Hauna mshale."

Meneja akautazama mchoro. Kisha akamwambia mhandisi kwamba kuanzia siku hiyo haruhusiwi tena kutia saini mchoro wowote.

Nje ya mlango, shemeji alikuwa amefura.

"Shemeji, una wazimu? Mimi nikifukuzwa leo, kesho nina kazi. Wewe umesoma miaka mingapi? Sasa kaka nikamwambie nini?"

"Mwambie hakuna mtu aliyeanguka darajani."