Jino la Kibogoyo

Siku niliyomwona Abrahman amevaa glavu nyeupe nilidhani amekuwa mwosha maiti. Kumbe alikuwa akifungua gazeti la katuni.

Huyu Abrahman tunamjua. Miaka ile alikuwa akiuza karanga Forodhani, na karanga zake alizifunga kwa karatasi za gazeti hilo hilo analolivalia glavu leo. Alilichana ukurasa baada ya ukurasa, akasokota, akatia karanga, hakubakisha hata picha ya mwisho. Sasa amefungua duka Mkunazini, kibao chake kimeandikwa "Mtaalamu wa Majarida Adimu", na akiulizwa kwa nini magazeti yale yamekuwa adimu hukohoa kidogo na kusema ni hali ya hewa ya visiwani, ni unyevu. Unyevu! Unyevu huo ulikuwa na kikapu kichwani na ulikuwa ukipiga kelele za karanga za moto.

Gazeti lenyewe liliitwa Kibogoyo, na aliyelichora ni mume wangu, Himid. Lilitoka mwaka sabini na tisa, matoleo kumi na moja, kisha karatasi zikakosekana likafa. Kibogoyo alikuwa mzee asiye na jino hata moja aliyejifanya mpelelezi, akifuatilia wezi wa kuku wa mitaa ya Ng'ambo na kukamata watu wasiohusika. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini hawakumcheka Kibogoyo peke yake. Kwenye jalada la toleo la kwanza Himid alimchora anacheka, kinywa wazi, ndani mweusi tititi, na katikati ya weusi ule akasahau pahala peupe. Padogo tu, ukubwa wa punje ya mchele. Kibogoyo akawa na jino.

Nakala mia tatu zilikuwa zimeshatoka mtamboni kabla hajaliona. Zilizofuata alizirekebisha, lakini zile mia tatu zilikwenda mjini, na mji huu ukikushika na kosa haukuachii. Tangu siku hiyo mume wangu akaitwa Jino. Kwenye foleni ya mchele, Jino. Msikitini, sogeeni Jino apate nafasi. Alipokuja kuniposa, shangazi yangu alichungulia dirishani akasema, "Kumbe Jino mwenyewe ndiye huyu!" Wanangu walikwenda skuli wakarudi watoto wa Jino. Mimi mwenyewe, Kazija binti Mkadam, msomaji wa Maulidi niliyealikwa mpaka Pemba, nikiingia arusini hutambulishwa mke wa Jino.

Himid hakuwahi kugombana na mtu kwa hilo. Alirudi Mlandege akaandika vibao vya maduka mpaka magoti yalipomkatalia ngazi. Lakini mimi nilijua. Akiitwa kwa jina lake, na wa kumwita hivyo nilikuwa mimi tu, huitika "Naam" kwa sauti inayofika uani. Akiitwa Jino hugeuza shingo, basi. Hakuitika hata siku moja. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Wazimu wenyewe ulianza mwaka juzi. Mgeni mmoja alinunua Kibogoyo namba nne kwa bei ya pikipiki, akajipiga picha nalo, picha ikazunguka kwenye simu, na mji ukapanda mori. Watu ambao hawajafungua kitabu tangu walipohitimu chuoni wakaanza kuzungumzia kutu za pini na ncha za jalada. Magodoro yalipinduliwa. Masanduku ya marehemu yalifunguliwa kabla ya arubaini. Jirani yangu Mwanaasha alilikuta moja limetandikwa chini ya sahani za kabatini, mende wamekula kofia ya Kibogoyo na nusu ya sikio, akalipwa friji zima. Shemeji yake alilia kama amefiwa, kwa kukumbuka rundo alilowashia jiko.

Na kila baada ya miezi michache bei ikapanda tena. Lililouzwa kwa friji kabla ya Ramadhani, baada ya Idi Ndogo lilitakwa kwa friji na televisheni. Wala hakuna aliyekuwa akilisoma. Siku moja nilimuuliza mnunuzi mmoja, mtu mzima na ndevu zake, katika namba tano Kibogoyo anamkamata nani. Akanitazama kama nimemuuliza siri ya benki.

"Bi Kazija," akasema, "hilo halifunguliwi. Likifunguliwa linashuka bei."

Basi ndiyo wakawa wanakusanya vichekesho wasivyovicheka.

Kubwa lao lilikuwa toleo la kwanza. Bila ya jino lilikuwa na bei ya mbuzi tu, maana hayo yalichapwa mengi. Lenye jino lilikuwa na bei ya kiwanja cha Fuoni. Kosa lililomfanya mume wangu kuwa kichekesho cha mji mzima sasa lilikuwa linanunua ardhi, na yeye hakuwa na nakala hata moja. Zake zilirowa zamani, kwa sababu bati letu linavuja pahala patatu na mabeseni tuliyokuwa nayo ni mawili. Na katika zogo lote hilo hakuna hata mtu mmoja aliyebisha hodi kumuuliza Himid hali. Wallahi niliumia.

Wa kwanza kuja alikuwa Abrahman. Ilikuwa Jumatano, mchana, Himid ameketi kwenye mkeka. Abrahman aliingia na mkoba wa ngozi mkono mmoja, na mkono wa pili kikapu kikubwa cha ukindu. Ndani ya kikapu hicho kikubwa mlikuwa na nusu kilo ya halwa.

"Shikamoo, Mzee Jino."

"Marahaba," Himid akajibu, maana salamu huwezi kuirudisha kwa shingo.

Abrahman akavaa glavu zake, akatoa bahasha, ndani ya bahasha nailoni, ndani ya nailoni gazeti. "Nimelipata," akanong'ona. "La jino. Zima, hakuna jingine. Jumamosi linapigwa mnada hotelini, Shangani. Wanunuzi wanataka hati tu, mchoraji aandike kwa mkono wake kuwa ni lake."

"Na mchoraji atapata nini?" nikauliza.

"Tutampiga picha, Bi Kazija. Na halwa hiyo ni mwanzo tu."

Himid akanyoosha mkono. Abrahman akampa glavu. Himid akaziweka kando, akasema, "Mikono hii ndiyo iliyolichora," akalishika gazeti lake kwa mara ya kwanza baada ya miaka arubaini na tano.

Hapo ikaadhiniwa Alasiri. Abrahman akainuka, akautazama mkoba, akautazama mlango. Kwenda nalo msikitini aliogopa, maana pale hata makubadhi yanaibiwa, sembuse kiwanja cha Fuoni. Himid kwa magoti yake husali nyumbani. Basi mtaalamu akatuachia amana yake, akaniusia nisiliweke karibu na chai, akenda zake.

Himid hakutazama pini wala ncha. Alitazama kinywa. Akatazama muda mrefu, mpaka nikamwonea huruma, mzee wa watu na kile kitone cheupe kilichokula jina lake.

"Kazija."

"Labeka."

"Niletee miwani."

Nikamletea.

"Na kile kichupa cha wino. Na brashi ya nukta."

Nilijua, msije mkasema sikujua. Nilisimama na kichupa mkononi, nikakumbuka shangazi dirishani, nikawakumbuka wanangu wanarudi skuli wanalia. Nikampa Himid, akajaribu kukifungua, kifuniko kimegandia. Nikakichukua, nikakifungua mimi.

Alichovya, akashusha pumzi, akagusa mara moja. Kisha akapuliza taratibu, kama anapoza uji wa mtoto, na Kibogoyo akawa kibogoyo kama alivyokusudiwa. Himid akaosha brashi, akatawadha, akasali.

Abrahman aliporudi alitoa kioo cha kukuzia. Alikagua pini mbili. Alikagua ncha nne. Alilinusa gazeti, akafumba macho, akasema, "Harufu ya sabini na tisa." Kinywa hakukitazama. Mtu aliyelilalia jino lile wiki nzima, analipigia hesabu usingizini, hakuwa na haja ya kuliona, maana alishaliona katika bei.

Himid akaandika hati kwa herufi zake nzuri za vibao: *Mimi Himid bin Makungu nathibitisha kuwa picha hii niliichora mimi, na leo nimeimaliza.* Abrahman akasoma mpaka penye "niliichora mimi", akaikunja, akaaga.

Jumamosi nikavaa baibui langu la Idi, nikamchukua Mwanaasha, tukenda Shangani. Ukumbi baridi, juisi ya ukwaju kwenye glasi ndefu, watu wamelizunguka gazeti lililo ndani ya sanduku la kioo, wanazungumza kwa sauti za chini kama wamekuja kutazama mayiti. Hawakupatapo kulitazama kwa heshima hiyo lilipokuwa na karanga ndani.

Dalali akasoma hati kwa maikrofoni. Alipofika "na leo nimeimaliza" akasita. Bwana mmoja wa Dar es Salaam, mwenye saa kubwa, akaomba sanduku lifunguliwe. Akainama na kioo chake. Akainama tena.

"Jino liko wapi?"

Abrahman akacheka, akaja, akachungulia. Nilimwona rangi inamtoka usoni kidogo kidogo mpaka ikaisha. Kiwanja kikawa mbuzi pale pale, na mbuzi mwenyewe hakuna aliyemtaka. Mwanaasha akanibana mkono kwa kucheka, nami nikameza juisi yangu yote, maana ilikuwa ya bure.

Hatujavua hata mabaibui, Abrahman akafika mlangoni kwetu na gazeti mkononi, bila ya bahasha, bila ya nailoni, bila ya glavu. Himid alikuwa barazani. Majirani wakatoka, na jioni ile hapana aliyekuwa na shughuli.

"Mzee Jino, umenimaliza! Lirudishe! Tone la rangi nyeupe tu!"

Himid akageuza shingo.

"Nikilirudisha itakuwa ghushi," akasema.

"Nani atajua? Mkono ni ule ule!"

"Abrahman, mwanzo nilikosea kwa haraka, na mkanicheka. Leo wataka nikosee kusudi, upate kula?"

"N'takulipa!"

"Ulisema picha."

"N'takuezekea nyumba, Mzee Jino! Nyumba nzima! Bati mpya, za rangi, mafundi kesho asubuhi nshawaleta!"

Hapo, sisemi uongo, moyo wangu ulikwenda. Nilitazama juu, nikaliona lile doa la maji lililo kama ramani ya Pemba, nikayafikiria mabeseni yangu mawili na masika yanayokuja. Neno moja langu lingetosha. Himid hajapata kunikatalia neno. Akanitazama, ananingoja. Nikafungua mdomo, nikaufunga, nikasema, "Tutanunua beseni la tatu."

Abrahman akavua kofia. Akapiga magoti mbele ya baraza, mwenye duka Mkunazini, na suruali yake ya pasi, mbele ya Mwanaasha na shemeji yake na mtaa mzima. Sauti ikamtoka nyembamba.

"Mzee Himid," akasema. "Mzee Himid bin Makungu. Nakuomba."

Nadhani majirani wengine walikuwa hawajui kuwa ana jina. Mimi nilikuwa nimelisubiri miaka arubaini na tano, nilisikie katika kinywa cha mtu wa mji huu, na lilikuja likitolewa na njaa, lakini lilikuja. Nikalia, tena mbele ya watu, wala sikujali.

"Naam!" Himid akaitika. Ilifika uani, ikafika nyumba ya pili.

Abrahman akadhani amekubaliwa. Akainuka mbio, akatoa mfukoni kichupa cha rangi nyeupe na brashi mpya, akavinyoosha kwa mikono miwili. Himid hakuvitazama. Alinigeukia mimi.

"Kazija, mrejeshee mwenzetu halwa yake."

Halwa tulikuwa tumeimaliza tangu Alhamisi. Nikaingia ndani, nikamletea kikapu. Nikamwambia karanga zitakaa vizuri humo, na karatasi anayo.