Karani wa Wanorwei Mjini Stockholm

Kwa miaka ishirini na miwili Eilert Tangvald alikuwa karani wa Wanorwei katika mji wa Waswidi. Falme zilikuwa mbili, mfalme mmoja, na mfalme huyo akiishi Stockholm. Ndiyo maana mawaziri wachache wa Norwei waliwekwa huko, karibu naye. Mafaili yalikuja kwa treni kutoka Kristiania, mji mkuu wa Norwei, Eilert akayanakili kwa mwandiko safi, waziri akampelekea mfalme atie saini, kisha yakapanda treni kurudi kwao.

Aliyewasha majiko ya ofisi na kuchemsha kahawa alikuwa Bi Malvina Sjöström, mjane wa Kiswidi mwenye ulimi mkali.

"Bwana Tangvald, unasoma barua au unaimba?"

"Afadhali sisi Wanorwei tunaoimba, Bi Malvina. Nyinyi Waswidi mnaomboleza."

Juni 1905 muungano wa falme hizo ukavunjika, Wanorwei wakaitwa kwao. Masanduku yalipokwisha kufungwa, Malvina alimimina kahawa bila utani hata chembe. "Nenda basi," alisema mlangoni. "Kwenu ni kwenu." Eilert alichukua kofia yake, akashuka ngazi.

Kristiania bendera zilipepea kila dirisha, naye akashangilia kwa moyo mmoja. Akapewa dawati wizarani. Lakini siku ya kwanza tu alipofungua kinywa, makarani wenzake waliangua kicheko. "Huyu Mswidi katoka wapi?" Maneno ya Stockholm yalikuwa yamemganda ulimini. Basi kila asubuhi alikumbuka barafu ikipasuka gatini kule, na yule mama akigombana na jiko lisiloshika moto. Hakutaka muungano urudi. Alizitamani asubuhi zile tu.

Mwaka wa pili akashika kalamu, akamwandikia. "Bi Malvina, huku wananicheka, ila hakuna anayejua kunicheka kama wewe."

Jibu halikuja kwa posta. Alikuja mwenyewe, akashuka stesheni na kapu lake, akafika hadi mlangoni pa Eilert.

"Barua yako ina makosa matatu ya Kiswidi," alisema, hata salamu bado. "Nimekuja kukusahihisha uso kwa uso."

"Na ukimaliza?"

"Kwanza nipokee mzigo, mwanamume wewe! Mkono unakatika."

Walifunga ndoa theluji ilipoyeyuka. Jumapili, baada ya kanisa, waliitembelea ile ofisi ya Stockholm kwa maneno, chumba hadi chumba, wakibishana dirisha lipi lilikuwa likivuja upepo, hadi mmoja wao amshike mwenzake mkono.