Nati Sita Sahanini

Mzee Nati alipewa jina hilo kwa sababu ya wimbo wake mmoja: hesabu nati kabla hujavuta. Mafundi wote aliowafundisha gereji waliusikia mpaka ukawachosha. Binti yake, fundi cherehani ambaye hakuwahi kufungua hata gurudumu, aliujua kuliko sala zake.

Asubuhi hiyo binti alikuja kwa baba yake na jambo zito moyoni. Daktari alikuwa amemwita pembeni: macho ya mzee yamefifia na hayatarudi, asiendeshe tena. Na ni mzee huyo huyo aliyempeleka mjukuu wake shule kila siku kwa lile gari lake kuukuu. Watu husema mwenye macho haambiwi tazama. Asiye nayo je, huambiwaje? Binti alipiga moyo konde njia nzima, lakini alipofika alimkuta baba keshalala chali chini ya usukani, miguu nje, akipiga mluzi.

"Karibu, mama! Umekuja wakati mzuri. Leo tunaing'oa hii dashibodi. Jua limeipasua kama kisigino changu."

Alimaanisha ule mto wa juu ya dashibodi, sponji iliyovikwa ngozi ya bandia. Yeye angeziba nyufa, binti angeshona ngozi mpya. Binti akameza maneno yake, akashika sahani ya kuwekea nati.

"Ziko saba," mzee alisema. "Ya mwisho imejificha nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Hiyo ndiyo huwaumbua vijana."

Alifungua kwa kupapasa. Nati zikalia sahanini moja baada ya nyingine, kisha mzee akafuta mikono.

"Saba hizo. Shika upande wako."

Binti akatazama sahani. Zilikuwa sita. Alifungua mdomo, akaufunga. Kumwambia baba yake kwamba amekosea hesabu, tena hesabu ya nati, kulikuwa sawa na kumwambia lile jingine lote, naye hakuwa tayari. Akashika upande wake.

Wakavuta. Mto ukanyanyuka upande wa dereva, ukagoma upande wa pili, kisha ukapasuka kwa sauti kavu kutoka ukingoni hadi katikati.

Mzee akaivuta sahani, akazigusa nati kwa kidole moja moja, akarudia tena.

"Uliona?"

"Niliona, baba."

"Ukaninyamazia."

"Niliogopa." Machozi yakamtoka, wala si kwa ajili ya mto. "Daktari kasema usiendeshe tena."

Mzee aliitafuta ile nati ya saba, akaifungua, akabeba mto ndani.

Walifanya kazi mezani pa kulia chakula. Mzee alizichonga nyufa kwa kisu, akazijaza gundi na vipande vya sponji, na ilipokauka akapiga msasa. Kwa kazi hiyo hakuhitaji macho. Vidole vyake viligundua kila kinundu. Binti akashona ngozi, akaivuta mpaka mikunjo yote ikaisha. Alimwonea baba yake fahari, na huruma pia. Laiti barabara nayo ingepapaswa.

Kesho yake, walipourudisha mto garini, mzee alimwachia yeye spana. Binti alipokuwa anakaza nati ya mwisho, mzee akasema:

"Taa za barabarani sizioni tangu mwaka jana."

"Sasa ulikuwa unaendeshaje?"

"Mchumba wangu ndiye huniambia." Hivyo ndivyo alivyomwita mjukuu wake. "Akisema babu nyekundu, nasimama. Babu kijani, tunakwenda. Nilimwambia iwe siri yetu."

Binti akaiweka spana chini. Mtoto wa darasa la pili! Kila jioni alimuuliza safari ilikuwaje, na mtoto akajibu nzuri, mama, akakimbilia kucheza. Alitaka kufoka, lakini aliyekuwa mbele yake ni baba yake, mikono ikiwa juu ya kazi nzuri kuliko zote walizowahi kufanya pamoja.

"Baba, ungemuua mwanangu."

"Najua, mama. Kila asubuhi nilijua."

Akatoa ufunguo mfukoni, akautia kiganjani mwa binti yake, akamfunga vidole kwa mikono yake miwili.

"Akitoka shule mwambie siri imekwisha. Na usimgombeze. Aliyemfundisha kunyamaza ni mimi."